Siku kumi karibu na Boston: nyumba zipi za kale za kuzuru, na namna ya kuzitazama

Swali: Nimezaliwa na kukulia Mji Mkongwe, Unguja. Mapema mwezi wa Oktoba nakwenda kumtembelea binti yangu anayeishi nje kidogo ya Boston, nitakaa siku kumi. Maduka sitaki. Nataka kuona nyumba za kale za Wamarekani na mitaa yao ya zamani. Huyu ananiambia niende Charleston, yule New Orleans, mwingine Philadelphia. Gari siendeshi, na magoti yangu si ya ujana tena. Niende wapi, na nitazame nini, nisije nikarudi nimeona viti vilivyozungushiwa kamba tu?

Jibu:

Usipande ndege nyingine, mama. Miji uliyotajiwa ina yake. Charleston ina nyumba nyembamba, upana wa chumba kimoja, zilizogeuzia barabara ubavu na kunyoosha baraza ndefu pembeni ili zikamate upepo. Philadelphia ina Elfreth's Alley, kichochoro cha mafundi chenye nyumba 32, kilichopitishwa mwaka 1702. Lakini kila mmoja wa miji hiyo utakula siku mbili njiani, bado hoteli. Massachusetts peke yake ina nyumba za mbao za karne ya 17 ambazo bado zimesimama, na nusu saa kwa treni kutoka Boston upo mji wa Salem, ambao kwa mtu wa Unguja una habari zake za pekee.

Ratiba ninayoipendekeza ni fupi kwa makusudi: siku moja nzima Salem, siku moja mtaa wa Beacon Hill ndani ya Boston, nusu siku Medford, mji jirani na Boston. Siku nyingine zote ni za binti yako na za kupumzika. Kosa la kwanza la wageni ni kuingia nyumba tano kwa siku. Ikifika ya tatu, vitanda vyote vinafanana na maneno ya mwongoza wageni hayaingii tena. Kwa siku moja ingia mbili, tatu ukiwa na nguvu. Nyingine zitazame kwa nje, na kwa nje ndiko kwenye mengi ya kusoma.

Kwa nini Salem

Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akawa konsuli wa kwanza wa Marekani Unguja. Haikuwa bahati tu. Majahazi ya Salem yalikuwa tayari yanafika huko kununua pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi, na yakileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts. Jina la kitambaa hicho unalijua: merikani. Sandarusi ilisafishwa Salem kwenyewe, ikawa vanishi. Ngozi zilikwenda kwa watengeneza ngozi wa mji huo na jirani zake. Biashara hiyo ilidhoofika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoikata pamba, na vitambaa vya Bombay na Uingereza vikashika nafasi ya merikani.

Ukiwa Salem mambo haya yana anwani. Maktaba ya mji, namba 370 Essex Street, ni jumba alilojengewa Kapteni John Bertram katikati ya miaka ya 1850. Alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Salem waliotajirika kwa biashara ya Unguja, na warithi wake ndio waliolitoa jumba hilo liwe maktaba. Kuingia ni bure. Mjukuu wake, Caroline Emmerton, alitumia sehemu ya utajiri wa ukoo huo kuinunua na kuitengeneza nyumba ya mwaka 1668 iitwayo House of the Seven Gables, akaifungua kwa wageni mwaka 1910 ili viingilio vigharimie huduma kwa wahamiaji waliokuwa wakiishi mtaa ule. Kwa hiyo nyumba maarufu kuliko zote Salem iliokolewa, kwa sehemu, na fedha iliyopitia forodha ya Unguja. Mwongoza wageni huenda asiligusie hilo. Muulize.

Na usisahau kwamba pembe hazikujitembeza kutoka bara hadi pwani. Zilibebwa mabegani, na wengi wa waliozibeba hawakuwa na hiari. Ukiona kinanda cha karne ya 19 katika sebule yoyote ya Marekani ya kaskazini, vitufe vyake vyeupe kwa kawaida ni pembe, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka pwani yetu.

Oktoba ni mwezi mgumu

Hapa sikufichi kitu. Salem ndipo palipoendeshwa kesi za uchawi za mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa na mmoja, Giles Corey, akafa kwa kukandamizwa na mawe. Leo mji mzima huigeuza habari hiyo kuwa sherehe ya mwezi wa Oktoba, na miaka ya karibuni mwezi huo mmoja umeleta wageni zaidi ya milioni moja. Jumamosi ya Oktoba hakuna pa kuegesha gari kuanzia asubuhi, treni zinajaa pomoni, na foleni ya chakula inaweza kukuchukua saa nzima.

Nenda Jumatatu au Alhamisi ya wiki ya kwanza. Jumanne na Jumatano uliza kwanza, kwa sababu baadhi ya makumbusho hufunga siku za katikati ya wiki. Chukua treni ya asubuhi kutoka North Station, mstari wa Newburyport na Rockport. Ni kama nusu saa mpaka Salem. Kadi ya treni za mjini haitoshi kwa treni hii, tiketi yake ni nyingine, na unaweza kuinunua kwenye simu au kwenye mashine stesheni. Nafasi ya kuingia nyumba yoyote ya kulipia iwekeni kwa intaneti wiki mbili kabla. Kwa Oktoba, anayefika mlangoni mkono mtupu huambiwa nafasi zimejaa.

Njia ya kutembea

Mzunguko wote, na kurudi stesheni, ni kama kilomita sita au saba, nao ni tambarare. Magoti yakikataa, ukate kipande cha mwisho.

Kutoka stesheni ingia Federal Street. Namba 80 ni nyumba ya Peirce-Nichols, ya mwaka 1782, iliyochorwa na Samuel McIntire alipokuwa kijana wa miaka 25. McIntire alikuwa mchonga mbao kabla ya kuwa msanifu, na mkono wa mchongaji utauona Salem yote: vikapu vya matunda, miganda ya ngano, vyungu juu ya nguzo za uzio. Mtu aliyekulia mbele ya milango ya Unguja atajua mara moja hii ni kazi ya patasi na si ya kalibu.

Vuka kuelekea Essex Street. Pale kona utaiona nyumba nyeusi ya jaji Jonathan Corwin, jengo pekee lililobaki mjini lenye uhusiano wa moja kwa moja na zile kesi. Itazame kwa nje tu na uendelee. Foleni yake hailipi. Hatua chache mbele ni Ropes Mansion, na bustani iliyo nyuma yake ni ya bure, ina viti na kivuli. Pumzika hapo.

Kisha ingia Chestnut Street, na hapa usiharakishe. Barabara hii ilipimwa pana kuliko kawaida ya enzi zake, mwishoni mwa miaka ya 1700, na pande zote mbili manahodha na wenye majahazi walijenga majumba ya ghorofa tatu ya matofali ya kuchoma. Namba 9 ni Hamilton Hall, ukumbi wa karamu wa mwaka 1805, kazi ya McIntire. Aliyeuendesha kwa miaka mingi ni John Remond, mtu mweusi aliyezaliwa Curaçao, mpishi na mwandaa karamu wa matajiri wale. Wanawe Charles na Sarah walisimama majukwaani Marekani na Uingereza kuupinga utumwa. Namba 34 ni Phillips House. Hii ingia ndani, kwa sababu vitu vyake vingi ni vya familia yenyewe iliyoishi humo, na jikoni na sehemu za wafanyakazi vinaonyeshwa. Sehemu ya nyumba hiyo haikujengwa pale: mwaka 1821 vyumba vinne vya jumba la shamba vilihamishwa mpaka Chestnut Street, kisha vikazungushiwa nyumba mpya. Kuhamisha nyumba ya mbao ni jambo la kawaida New England, na ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza ni hili: je, nyumba hii ilijengwa hapa hapa?

Rudi Essex Street, pita makumbusho ya Peabody Essex. Asili yake ni chama cha manahodha kilichoanzishwa mwaka 1799; mwanachama ilimpasa awe amepita kwa chombo Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Makumbusho hayo ndiyo yanayomiliki nyumba kadhaa za jirani, na tiketi moja mara nyingi hukufungulia zaidi ya mlango mmoja. Gardner-Pingree, ya mwaka 1804, ndiyo bora kwa kazi ya McIntire ndani. John Ward House, ya mwaka 1684, ni ya upande wa pili kabisa wa maisha.

Maliza Derby Street, kwenye maji. Forodha ya mwaka 1819, nyumba ya matofali ya Derby ya mwaka 1762 na nyumba ya Narbonne ya 1675 hivi zote ziko chini ya idara ya hifadhi za taifa, na kuingia ni bure. Ofisi yao huweza kukupangia saa ya kuingia, na baadhi ya majengo huwa yamefungwa kwa matengenezo, basi uliza mapema. Ukilazimika kuchagua moja, chagua Narbonne. Haina samani. Waliishi humo mafundi na watu wa hali ya kati kwa vizazi, na kwa kuwa haijapambwa unaiona mifupa ya nyumba: boriti, matundu ya maungio, plasta juu ya mbao nyembamba, mahali ukuta ulipohamishwa. Gati la Derby linaingia baharini zaidi ya mita 600. Siku za nyuma lilijaa maghala; leo ni majani na mnara mdogo wa taa mwisho wake. Seven Gables iko mwendo wa dakika tano kutoka hapo.

Jinsi ya kusoma nyumba ya New England

Anza na jambo moja ambalo linakufungulia mengine. Kwenu katikati ya nyumba ni ua. Kwao katikati ya nyumba ni moto. Nyumba ya Mji Mkongwe ina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, imelipa barabara mgongo, na hewa inapanda juu kupitia uani. Salem chokaa ilikuwa adimu, miti ilikuwa haina mwisho, na adui alikuwa baridi. Basi walisimamisha dohani kubwa la matofali katikati, wakalizungushia vyumba kama watu wanaoota moto, kisha wakafunika kwa mbao.

Kwa hiyo unapofika mbele ya nyumba, kabla ya mlango tazama dohani. Likiwa moja, nene, katikati ya paa, nyumba yaelekea kuwa ya karne ya 17 au mwanzo wa ya 18. Yakiwa mawili yamesogea pande mbili, na ukumbi wa ngazi umepita katikati, ni ya baadaye, mara nyingi ya miaka ya 1740 hadi 1780. Yakiwa membamba yamepanda kwenye kuta za mwisho, unakaribia au umevuka 1800.

Pili, paa. Lenye mteremko mkali kama mkono wa kuomba dua ni la kale. Lililokunjika mara mbili, juu limelala na chini limesimama, ni la karne ya 18. Ambalo huwezi kuliona kabisa ukiwa barabarani, limejificha nyuma ya uzio mfupi wa mbao, ni la wakati wa Chestnut Street.

Tatu, madirisha, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Mpaka karibu mwaka 1700 madirisha yalikuwa madogo, yanafunguka kama mlango, vioo vyake ni vipande vya umbo la almasi vilivyoshikwa kwa risasi. Yakaja ya kuteleza juu na chini: kwanza yenye vipande vingi vidogo, tisa au kumi na viwili kila fremu, kisha sita vikubwa, kisha viwili au kimoja kadiri viwanda vilivyoweza kutoa kioo kipana. Vijiti vinavyotenganisha vioo navyo vinasema: vinene ni vya zamani, vyembamba kama kidole cha mtoto ni vya baada ya 1790. Kioo cha zamani kina mawimbi. Sogea hatua moja pembeni uone mti wa ng'ambo ya barabara unavyopinda ndani yake.

Udanganyifu ni huu. Karibu madirisha yote ya almasi unayoyaona leo si ya asili. Kila kizazi kilibadilisha madirisha yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1900, watu walipoanza kuzipenda nyumba hizi, mafundi wakarudisha almasi, vipaa na ncha za paa kwa kufuata alama kwenye mbao, na pengine kwa kukisia. Seven Gables ilirudishiwa vipaa vyake kati ya 1908 na 1910, na ngazi yake ya siri inayowafurahisha watoto ni ya matengenezo hayo. Nyumba ya Corwin ilisogezwa nyuma miaka ya 1940 barabara ilipopanuliwa, ndipo ikapewa sura iliyo nayo. Kwa hiyo mara nyingi unachokitazama ni karne ya 17 kama ilivyofikiriwa na karne ya 20. Si aibu. Ila mwongoza wageni mzuri atakuonyesha mshono uko wapi, na asiyejua atakuambia kila ubao ni wa 1668.

Nne, mlango. Wa kale ni mbao nene zilizopigiliwa misumari, bila pambo. Wa katikati ya karne ya 18 umekaa katikati kabisa, madirisha mawili huku na mawili kule, na juu yake pembetatu ya mbao kama paa dogo. Wa Chestnut Street una kioo cha nusu duara juu, kimetandazwa kama upepeo wa mkono, vioo vyembamba pande mbili, na kibaraza chenye nguzo. Hicho kibaraza si baraza, mama. Hakuna aliyekaa pale kuzungumza na wapita njia. Mgeni alisimama hapo mpaka afunguliwe, na alivyopokelewa ndani ilitegemea ni nani.

Ndani, inua macho. Katika nyumba za karne ya 17 kuna mhimili mmoja mnene unaokata dari ya chumba, pembe zake zimeparwa, na boriti ndogo zimelala juu yake. Huyo ndiye anayebeba ghorofa. Ukiuona umefichwa ndani ya kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi, ujue karne ya 18 ilipita ikaona haya. Kisha tazama misumari kwenye sakafu na milango ya nyuma: vichwa visivyolingana, vya kufuliwa kwa nyundo, kwa kawaida ni kabla ya miaka ya 1790, vya bapa vilivyokatwa na mashine ni vya karne ya 19, vya duara ni vya karibu 1890 kuja huku. Ubao mmoja unaweza kuwa na aina zote tatu, na hiyo ndiyo historia ya matengenezo yake.

Vibao vya mbao kwenye kuta za nje vitakusaidia: chama cha Historic Salem huandika mwaka, jina la aliyejengewa na kazi yake, fundi mapipa, mwoka mikate, nahodha. Ila mwaka wa kibao ni wa sehemu ya kale kuliko zote. Nyuma yake huenda pameongezwa mara nne.

Ukiona mitaa ya kusini mwa mji imejaa nyumba za rika moja, za karne ya 20, sababu ni moto wa tarehe 25 Juni 1914, ulioteketeza majengo 1,376. Chestnut Street ulinusurika.

Maswali ya kuuliza ndani

Kamba zipo kwa sababu, na hutaruhusiwa kukaa wala kugusa. Lakini ziara ya dakika 45 hubadilika kabisa kwa maswali matatu. Je, vitu hivi ni vya nyumba hii au vililetwa? Nyumba nyingi zilinunuliwa tupu, kisha zikapambwa kwa vitu vya wakati mmoja kutoka kwingine. Si kosa, lakini ni vizuri kujua. Nani alilala wapi, ukianzia na watumishi? Ngazi ya nyuma na chumba cha darini husema zaidi ya sebule. Na fedha ilitoka wapi? Massachusetts utumwa ulikuwa halali tangu 1641 mpaka hukumu za mahakama za miaka ya 1780, na baada ya hapo bado sukari, pamba na pembe zilizojenga majumba haya zilitoka kwenye kazi ya watumwa kwingineko.

Beacon Hill

Hapa utamkuta msanifu mwingine, Charles Bulfinch, pale ulipomwacha McIntire. Shukia kituo cha Park Street, panda taratibu mpaka jengo la serikali ya jimbo lenye kuba la dhahabu, la mwaka 1798. Kwenye Beacon Street, namba 39 na 40, baadhi ya vioo vya madirisha ni vya zambarau. Hakuna aliyevipaka rangi. Vililetwa kutoka Uingereza karibu mwaka 1820 vikiwa na manganizi nyingi, na jua likavigeuza polepole. Wenye nyumba za jirani wakaanza kuvionea fahari, na waigaji wakafuata.

Fuata Mount Vernon Street. Namba 55 ni Nichols House, ya mwaka 1804, ambayo unaweza kuingia; ngazi ni nyingi na lifti hakuna. Kisha vuka mpaka Pinckney Street, ambao ulikuwa mpaka hasa: upande wa kusini matajiri, mteremko wa kaskazini Waafrika huru wa Boston. Namba 5 na 7 ni nyumba ya mbao ya George Middleton, mtu mweusi aliyepigana vita vya uhuru, iliyojengwa miaka ya 1780. Teremka Joy Street mpaka Smith Court, na hapo ingia African Meeting House ya mwaka 1806, jengo la kale kuliko yote yaliyobaki Marekani lililojengwa kuwa kanisa la watu weusi. Ukumbi wa juu ni mtupu na mweupe. Kaa, ruhusa ipo, benchi ni za kukaliwa.

Joy Street huteremka ghafla, na matofali ya njia yakilowa huteleza kama sabuni. Vaa viatu vya soli ya mpira na uweke siku hii isiyo ya mvua. Njia hii kwa upande huu inakushusha. Ukianzia chini utaupanda mlima wote. Mwisho wa mteremko, Cambridge Street, iko Otis House ya mwaka 1796, ya Bulfinch. Inaonekana pweke kwa sababu ya yaliyotokea nyuma yake: mtaa mzima wa West End, maelfu ya watu, ulibomolewa kuanzia 1958.

Nyumba za watu kwenye mtaa huu zinakaliwa. Picha kutoka njiani ni sawa. Kupanda ngazi za mlango wa mtu ili upige picha si sawa.

Medford

Kama una nguvu ya nyumba moja tu zaidi, iwe Royall House. Kwa kawaida hufunguliwa wikendi, majira ya joto mpaka mwishoni mwa Oktoba, hivyo thibitisheni tarehe. Binti yako akikupeleka kwa gari ni rahisi zaidi. Isaac Royall alirudi kutoka Antigua mwaka 1737 na utajiri wa sukari na watu aliowamiliki. Mbele ya jumba, ng'ambo ya ua, limesimama jengo walikoishi watumwa, na kaskazini mwa Marekani hakuna jingine la aina hiyo lililobaki peke yake namna ile. Simama katikati ya vile viwili. Mwaka 1783 mmoja wa waliotumikishwa hapo, Belinda Sutton, aliyechukuliwa utotoni Afrika Magharibi, aliliandikia bunge la jimbo akidai haki yake katika mali aliyoisaidia kuikusanya. Alipewa pensheni ya pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka. Ililipwa kwa shida, akarudi kuidai tena na tena.

Vitu vidogo vinavyoharibu siku

Mwambie binti yako aende maktaba ya mji wake na kadi yake. Maktaba nyingi za Massachusetts huazima pasi za makumbusho, zikiwemo za nyumba hizi, na kiingilio cha dola 15 au 25 hushuka hadi nusu au hufutika. Pasi hizo huwekwa nafasi mapema, na Oktoba hugombewa.

Fika dakika kumi na tano kabla ya ziara. Mlango ukifungwa kundi limekwenda. Begi la mgongoni utaambiwa ulivae mbele au uliache mlangoni, kwa kuwa ukigeuka linafagia meza. Kisigino chembamba hakiruhusiwi, kinatoboa sakafu za msonobari. Choo uliza kabla ya ziara, maana nyumba nyingi hazina cha wageni ndani. Asubuhi baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na ndani ya nyumba hizi joto si jingi kuliko nje: vaa tabaka mbili unazoweza kuvua. Unapoweka nafasi, eleza habari za magoti. Nyumba nyingi zina picha za ghorofa ya juu za kumwonyesha asiyeweza kupanda, lakini hutoa tu kwa anayeuliza, na baadhi humruhusu kukaa kwenye kiti cha kukunja kinacholetwa na mwongozaji.

Binti yako akipata siku moja ya ziada na gari, teremkeni Connecticut, kama saa mbili, mpaka Deep River na Ivoryton, kando ya mto Connecticut. Huko ndiko pembe za Unguja zilikokatwa kuwa vitufe vya vinanda, kisha zikaanikwa juani kwa wiki kadhaa ndani ya mabanda ya vioo mpaka zikawa nyeupe. Ivoryton maana yake ni mji wa pembe, na nyumba za mafundi na mabwana wa viwanda bado zinakaliwa. Chama cha historia cha Deep River kina nyumba yake ya mawe yenye vitu vya enzi hiyo. Hufunguliwa siku chache, kwa hiyo pigeni simu kabla ya kuwasha gari.